Umeme na Taa za Pikipiki Kubwa ya Zamani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya wenye pikipiki kubwa za safari za miaka ya 1970, 1980 na mwanzoni mwa 1990: Gold Wing za Honda zenye silinda nne, BMW zenye silinda mbili zilizochomoza pembeni kama mabega, na wenzao wa Yamaha, Suzuki na Kawasaki. Maswali ni yale yanayoletwa kibandani kwangu Ilala karibu kila wiki. Mengi yana jibu moja, na nitalirudia bila haya: pima kwanza, ndipo ufungue pochi. Kwenye mji wa chumvi kama Dar, kifaa chenyewe hufa mara chache kuliko pale kilipoungwa.

Niwe na vifaa gani nyumbani?

Mita ya kawaida, hata ya bei rahisi, mradi fyuzi yake ya ndani ni nzima. Msasa laini, mswaki uliochoka, spreyi ya kusafishia viungo vya umeme, grisi kidogo. Halafu tengeneza taa ya kupimia: chukua balbu ya indiketa ya wati 21, iunge nyaya mbili ndefu, basi.

Hiyo balbu naiamini kuliko mita. Waya uliooza ukabaki uzi mmoja bado utaionyesha mita volti 12, kwa sababu mita haivuti kitu. Balbu ya wati 21 inavuta karibu ampea mbili. Ikiwaka hafifu kama mshumaa, waya wako una ugonjwa, hata mita iseme nini.

Asubuhi nikibonyeza stata nasikia tak-tak-tak tu. Ninunue betri?

Bado. Acha pikipiki ipumzike saa kadhaa, kisha pima betri ikiwa imezimwa. Volti 12.6 au zaidi imejaa. 12.4 imebaki kama robo tatu. 12.0 karibu haina kitu, ichaji kwanza kabla ya kuihukumu.

Sasa weka mita kwenye vichwa vya betri, mtu mwingine abonyeze stata. Ikishuka chini ya 9.5 au 10 ilhali uliichaji usiku kucha, betri imechoka. Lakini ikibaki juu ya 12 na stata haigeuki, umeme haufiki huko unakotakiwa. Kagua selenoidi (swichi nene ya umeme inayopeleka moto kwenye stata), vichwa vya betri, na hasa ethi, yaani waya unaounga hasi ya betri na chuma cha fremu na injini. Weka waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye chuma cha injini, kisha mtu abonyeze stata tena. Kama stata inajaribu kuzunguka na mita ikasoma zaidi ya nusu volti, ethi ni mbovu.

Mzee mmoja wa Kigamboni alinunua betri mbili ndani ya mwaka mmoja. Pikipiki ilikuwa imepakwa rangi mpya, inang'aa kuliko siku ilipotoka kiwandani. Fundi wa rangi alifanya kazi safi kupita kiasi: alipaka hadi pale boliti ya ethi inapokaa kwenye fremu. Nilikwangua eneo la ukubwa wa sarafu, nikapaka grisi, nikakaza. Betri ya kwanza aliyoitupa huenda ilikuwa nzima kabisa.

Betri ni mpya lakini inakufa kila wiki. Tatizo ni chaji?

Huenda. Washa injini, ipeleke raundi 3,000 na kuendelea, pima kwenye betri. Unataka kati ya 13.8 na 14.5. Ikibaki 12 na kitu, chaji haiingii. Ikipita 15, regyuleta, kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa na betri inachemshwa. Utaona maji ya betri yanaisha haraka, na balbu zinaungua moja baada ya nyingine.

Kwa mwenye Gold Wing ya silinda nne, yaani GL1000, GL1100 au GL1200, hapa ndipo pa kutulia. Koili zinazozalisha umeme zipo ndani, nyuma ya injini, na kuzibadilisha ni lazima injini ishushwe kwenye fremu. Ni kazi ya siku kadhaa na pesa ya kuumiza. Kwa hiyo mtu akikuambia "koili zimekufa" kabla hajagusa mita, mshukuru, uondoke na pikipiki yako.

Fuata nyaya tatu za njano zinazotoka kwenye injini. Zinapita kwenye plagi ya plastiki kabla ya kufika kwenye regyuleta. Ivute. Mara nyingi utaikuta imebadilika rangi kuwa kahawia, plastiki imeyeyuka, mguu mmoja umekuwa mweusi. Umeme wote wa chaji unapita hapo. Kiungo kikilegea kidogo kinapata moto, moto unakilegeza zaidi, mpaka kinaungua. Dawa inayofahamika na wenye Gold Wing dunia nzima ni kuikata plagi hiyo, kuunga nyaya moja kwa moja kwa risasi, na kuvalisha kila kiungo mrija wa plastiki unaonywea kwa moto. Rangi zote tatu ni njano na wala usihangaike ipi iende wapi; hizo tatu hazina mpangilio.

Plagi ikiwa imekatwa, pima koili zenyewe. Injini ikiwa imezimwa, kati ya kila waya wa njano na chuma cha injini kusiwe na mawasiliano kabisa. Kati ya waya na waya, ukinzani uwe mdogo sana, chini ya ohm moja hivi, na vipimo vitatu vilingane. Kisha washa injini, geuza mita iwe ya umeme wa mawimbi, AC, pima jozi zote tatu ukipandisha raundi. Volti zipande pamoja, zilingane. Jozi mbili zikisoma kidogo na moja ikasoma sana, au waya wowote ukiwasiliana na chuma, hapo ndipo tuzungumze habari ya kushusha injini.

Angalizo la lugha: hapa mjini "stata" ni ile mota ya kuwashia. Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya mtaa wa Gerezani ukataja jina la Kizungu la koili za chaji, "stator", yanasikika karibu sawa, na utarudi nyumbani na mota. Sema "koili za chaji" na uonyeshe picha.

Naweza kuchomoa betri injini ikiwaka ili nione kama chaji ipo?

Hapana. Mchezo huo wa bodaboda unaua regyuleta na vifaa vya kuwashia plagi za cheche. Usimruhusu mtu.

Yangu ni BMW R100. Taa nyekundu ya chaji haiwaki kabisa. Si ndiyo vizuri?

La hasha. Kwenye hizi BMW za kupozwa kwa hewa, ile taa ya dashibodi si mapambo. Umeme wa kuiamsha jenereta unapitia kwenye balbu hiyo kwanza. Balbu ikiungua, jenereta hulala na betri haichajiwi. Ukiwasha swichi kabla ya kuwasha injini lazima iwake. Ukiwasha injini na kupandisha raundi, izime. Isipowaka, badilisha balbu ya bei ya soda kwanza. Ikiwa mpya nayo haiwaki, kagua brashi za jenereta, kisha rota, sehemu inayozunguka ndani ya jenereta, ambayo waya wake hukatika ndani kwa uzee.

Na usiitarajie miujiza kwenye foleni. Jenereta ya R100 ni ya wati 280, na ikiwa imetulia bila kupanda raundi karibu haichaji. Saa nzima kutoka Mbagala hadi mjini, taa kubwa imewaka, breki kila hatua: unatumia akiba ya betri. Piga hesabu kabla ya kufunga taa mbili za ziada za wati 55. Hizo pekee ni wati 110, na bado hujaihesabu taa kubwa, taa ya nyuma na plagi za cheche.

Nikiiacha wiki mbili haiwaki, ingawa chaji ni nzuri.

Kuna kitu kinakunywa usiku. Zima swichi, fungua waya wa hasi wa betri, weka mita ya ampea kati ya waya huo na kichwa cha betri. Usiguse stata wakati huo, utaunguza fyuzi ya mita. Pikipiki yenye saa ya dashibodi itavuta miliampea chache tu. Ukiona 100, ni nyingi: kwa saa 24 zinakuwa ampea-saa 2.4, na betri ya ampea-saa 20 itakauka kwa siku nane hivi, ila itakataa kugeuza stata mapema zaidi. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mara nyingi mwizi ni kitu kilichoongezwa: alamu, soketi ya kuchaji simu, redio. Fyuzi zote zikitoka na namba haijashuka, chomoa regyuleta.

Fundi wangu ni mzoefu wa bodaboda. Kwa nini alichanganya nyaya zangu?

Kwa sababu rangi zina makabila. Pikipiki nyingi za Kichina zimeiga Honda, na kwa Honda kijani ni ethi, mweusi ni umeme uliopita kwenye swichi, kahawia ni taa ya nyuma, bluu ni fulu (mwanga wa mbali), nyeupe ni dimu (mwanga wa karibu), rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto na bluu mpauko ya kulia. Akihamia Yamaha, mweusi ni ethi! Ule ule aliouzoea kuwa na moto. Suzuki ethi ni mweusi wenye mstari mweupe, Kawasaki ni mweusi wenye mstari wa njano, na BMW ethi ni kahawia. Fundi mwenye mazoea ya Honda akigusa BMW anaunga taa ya nyuma kwenye ethi na kushangaa moshi unatoka wapi. Chapisha mchoro wa nyaya wa modeli yako, uuvalishe plastiki, uuweke chini ya kiti. Ni msaada mkubwa kuliko spana yoyote.

Taa kubwa ni hafifu, ya njano. Balbu ni mpya.

Swali ninalolipenda. Kwenye pikipiki nyingi za zamani, umeme wa taa kubwa unatoka betri, unapita fyuzi, swichi ya ufunguo, swichi ya mkononi, plagi tatu nne, ndipo unafika kwenye balbu. Kila kituo kinakula kidogo. Na balbu haisamehe: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30.

Washa injini, washa dimu, pima volti kwenye betri, halafu nyuma ya balbu bila kuichomoa. Tofauti ya nusu volti navumilia. Wiki jana nilipima Yamaha iliyotoka Mbezi Beach: betri 14.1, balbu 11.6. Tulifungua swichi ya mkono wa kushoto pamoja na mwenyewe. Ndani shaba ilikuwa imevaa unga wa kijani, na ile grisi ya kiwandani imekuwa ngumu kama gundi ya viatu. Nusu saa ya mswaki na spreyi, ikapanda 12.9.

Iliyobaki ni kazi ya relei, swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa. Toa waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka chanya ya betri, upite kwenye fyuzi ya ampea 15 iliyo karibu na betri, uingie mguu wa 30. Mguu wa 87 unakwenda kwenye balbu. 86 unapokea ule waya wa zamani wa swichi, 85 unakwenda ethi. Relei moja ya dimu, nyingine ya fulu. Swichi yako sasa inabeba umeme mdogo wa kuamsha relei tu, badala ya ampea karibu tano za balbu ya wati 55 au 60. Ethi ya balbu nayo ipate waya mpya. Wengi wanaisahau halafu wanalalamika kazi haikubadilisha kitu. Nunua relei ambayo miguu yake haichezi ukiitikisa. Nilishauziwa moja ikafa kabla sijavuka Kibaha.

Balbu ya H4, aina ya kawaida ya taa kubwa, usiishike kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanaiunguza mapema.

Watu wananipigia fulu ingawa mimi nipo kwenye dimu. Kwa nini?

Huenda taa yako ilitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Kwenye taa za Ujerumani au Ufaransa, mwanga wa dimu unapanda upande wa kulia ili uonyeshe ukingo wa barabara yao. Hapa kwetu kulia ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo unammulika machoni. Simamisha pikipiki mita tano kutoka ukutani usiku, imekaa wima na uzito wako juu yake. Mwanga ukipanda kulia, tafuta kioo cha taa cha pikipiki ya Uingereza au Japani. Kuinamisha taa yote chini ni suluhisho la umaskini: unapita Mikumi usiku ukiona tairi lako la mbele vizuri na tembo huna habari naye.

Niweke LED kila mahali nipunguze mzigo?

Taa ya nyuma na za dashibodi, ndiyo, isipokuwa ile taa ya chaji ya BMW. Kwenye taa kubwa mimi sipendi. Kioo cha zamani kilichorwa kwa ajili ya uzi mdogo wa balbu ya H4 uliokaa mahali pake hasa; LED nyingi za bei rahisi hazikai hapo, mwanga unatawanyika, na unamkera kila anayekuja.

Nimeweka LED kwenye indiketa, sasa zinakimbia, au zote nne zinawaka pamoja.

Ni matatizo mawili. Flasha, kifaa kinachozifanya indiketa ziwake na kuzima, ikiwa ya zamani hutegemea uzito wa balbu za wati 21 ili ihesabu mwendo. Ukiweka LED haina cha kuhesabia: inakimbia au inaganda. Badilisha flasha iwe ya kielektroniki ya LED, acha kuongeza vipande vya ukinzani vinavyopata moto.

Zikiwaka zote nne, sababu ni ile taa moja ya dashibodi inayotumika kwa kushoto na kulia. Imeungwa kati ya pande mbili, inapata ethi yake kupitia balbu za upande wa pili. Balbu za kawaida hazitikisiki na umeme mdogo huo, LED zinawaka. Tenganisha kwa dayodi mbili (vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu) na ethi yake yenyewe.

Kama hujabadilisha chochote na upande mmoja tu umebadilika mwendo, tazama balbu iliyoungua au ethi ya kikombe chake.

Nikikanyaga breki taa ya nyuma inafifia badala ya kung'aa.

Ethi ya taa ya nyuma. Au mtu ameingiza balbu ya nyuzi mbili kinyume kwa nguvu. Vipini vyake havipo usawa mmoja makusudi, ili isiingie vibaya.

Fyuzi inaungua kila mara. Niweke kubwa zaidi?

Hapana, wala karatasi ya sigara. Waya utakuwa fyuzi, na waya umepita chini ya tangi la petroli.

Chukua ile balbu ya wati 21, iunge mahali pa fyuzi. Ikiwaka kwa nguvu zote, shoti ipo. Sasa tikisa nyaya kidogo kidogo kuanzia shingo ya usukani, geuza usukani kushoto na kulia, inua tangi. Balbu ikififia ghafla, mkono wako upo kwenye ugonjwa. Nyingi nimezikuta shingoni, mahali nyaya zinapojipinda kila unapokata kona kwa miaka 40.

Gold Wing za zamani zina fyuzi kuu ya bapa ya ampea 30, umbo la mfupa, imefungwa kwa skrubu mbili. Hupasuka kwa mtikisiko, na ufa wake hauonekani: pikipiki inazima yote barabarani, unaigusa, inawaka. Weka kishikio cha fyuzi ya kisasa, ampea 30 ileile.

Masika ikianza inakohoa na kuzima.

Usiku gizani, washa injini na upulizie maji kidogo kwenye nyaya za plagi za cheche kwa chupa ya saluni. Ukiona cheche za bluu zikitembea juu ya waya, umeipata. Kagua pia kofia za plagi. Na ukivuka maji ya Jangwani hadi kwenye ekseli, kesho yake fungua soketi za chini, puliza, kausha, paka grisi. Chumvi ya barabara ya Barack Obama, kando ya bahari, siku za upepo ni mbaya kuliko mvua, kwa sababu mvua hukauka ikaondoka.

Kuosha kwa mashine ya presha: mbali na dashibodi, swichi na chini ya kiti. Mweleze kijana wa kuosha kabla hajawasha pampu.

Fundi aliyepita amefunga kila kitu kwa tepu nyeusi. Nianzie wapi?

Kwanza pole. Vishoka, mafundi wa kubahatisha, wapo kwenye pikipiki kama walivyo kwenye nguzo za umeme. Usifumue zote kwa siku moja. Piga picha, anza na chochote kilichoungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi, kisha viungo vilivyopotoshwa kwa vidole bila risasi. Tepu ikiyeyuka kwa joto la hapa inakuwa lami; mafuta ya taa kwenye kitambaa yanaitoa, ila fungua hasi ya betri kabla hujaanza, na uirudishe ya mwisho.

Naenda Mbeya. Nibebe nini cha umeme?

Fyuzi za kila saizi, balbu ya mbele na ya nyuma, relei moja, mita mbili za waya, tepu, kisu, mita ya kupimia, na taa ya kichwani. Hiyo ya mwisho wanaicheka mpaka wakwame Kitonga saa mbili usiku, simu mdomoni ikiwamulikia, na jasho la kidevu likigusa kioo inajifunga.